Arobaini ya Nne Moja Saba

Kila asubuhi saa mbili, Lango lilitoa orodha ya wafu wake.

Ilikuwa karatasi moja tu, yenye majina ya wateja waliotimiza siku thelathini na tisa tangu waandikwe marehemu, pamoja na namba zao ambazo kesho yake zingefungwa. Fundi wa zamu, Sikudhani Pazi, alikwisha kuizoea. Aliichana kwenye mashine, akaipitia huku anakunywa chai ya tangawizi, akiweka alama ya vema mbele ya kila jina. Bikizee wa Kaliua. Mwalimu mstaafu wa Songambele. Pacha wawili waliofuatana ndani ya wiki moja. Kisha kalamu ikasimama.

417. Mihayo Kitambi. Mrina asali. Usoke. Marehemu.

Chai ikampalia. Mzee Mihayo hakuwa amefariki. Mzee Mihayo alikuwa mtani wake, na aliyemwandika marehemu ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mzaha.

Siku ile mzee alikuwa amempigia simu kama desturi yake. Hakuwa na hitilafu ya kuripoti. Alikuwa na Mzaramo wa kuchokoza.

"Mzaramo, bado unapumua?"

"Napumua, Mnyamwezi. Nangoja wewe utangulie, nijipatie kuku wa msiba."

"Utangoja sana, mwanangu. Babu zetu walikwenda pwani kwa miguu na pembe za ndovu kichwani. Sisi hatufi ovyo. Nyie ndio mnacheza ngoma mpaka mnasahau nani kafa."

Sikudhani alicheka, akakata simu, akafungua daftari la namba. Kwenye safu ya hali alifuta neno "hai", akaandika "marehemu", akachapa ukurasa ule na kuutia kwenye droo. Jumamosi mzee angekuja mjini. Angemwonyesha kifo chake kwa maandishi, angemnyang'anya kofia, na asingemrudishia mpaka aikomboe. Ndiyo sheria ya utani: mtani wako anaweza kukuzika ukiwa hai, na huna ruhusa ya kununa. Akishamaliza kucheka, angerudisha neno "hai" mahali pake.

Jumamosi Mihayo hakuja. Alikuwa ameingia porini kurina. Jumatatu Sikudhani akapelekwa Sikonge kusimamia kazi ya kutandaza nyaya, akakaa mwezi mzima. Kicheko kikasahauliwa ndani ya droo.

Lango halikusahau. Lango halina mtani.

*

Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tangu minara ya simu za mkononi izimwe katika kanda ile, na sasa kila nyumba ilikuwa na simu ya ukutani. Simu zote zilipita kwenye Lango. Lilikuwa kabati la chuma lenye kimo cha mtu, limesimama ndani ya ofisi ya zamani ya chama cha ushirika wa tumbaku, likivuma mchana kutwa kama mtu anayetaka kusema neno kisha akaghairi.

Ndani yake waliishi makaimu. Kila mteja alikuwa na kaimu wake: sauti iliyojifunza kwa kusikiliza simu zake mwaka baada ya mwaka. Usipopokea ndani ya sekunde thelathini, kaimu hupokea. Ana sauti yako, ana maneno yako, anajua hata unavyokohoa kabla ya kukataa jambo. Anapoulizwa neno ambalo hana jibu lake, humwita mwenyewe. Na mteja akifariki, kaimu hupewa siku arobaini za kupokea simu zote na kuwapigia ndugu mmoja mmoja, ili walio mbali wapate kuagana naye. Jambo moja tu kaimu hafanyi: hatangazi msiba. Hilo waliachiwa wanadamu.

Sikudhani alifungua ukurasa wa 417. Lango husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayofuatwa. Zilizo chini yake ni kama hazikuandikwa. Kanuni ya juu kabisa ilisema: hali, marehemu, simu zote, kwa kaimu. Alisogeza kidole aifute.

Taa ya 417 ilikuwa ya kijani.

Namba ile ilikuwa inaongea. Kwa alivyojua Sikudhani, nyumba ya Usoke ilifungwa kwa kufuli, mwenyewe yuko porini na nyuki wake, na namba yake ilikuwa inaongea na 2260, Mpanda, kwa saa moja na dakika kumi sasa. Jina la 2260: Kalunde Mihayo.

Jina hilo Sikudhani alilifahamu. Miaka sita iliyopita, katika wiki yake ya kwanza kazini, aliletewa barua ya mteja huyo: simu za baba yangu zisilie nyumbani kwangu, azipokee kaimu. Hakueleza sababu. Mafundi hawaulizi. Sikudhani alimwekea kizuizi hicho, ambacho mafundi hukiita uzio, na hakikuwa kimeguswa tangu hapo.

Alivaa hedifoni, akabonyeza kitufe cha kusikiliza.

"...na Kasanda, mwanangu," ilikuwa inasema sauti ya Mzee Mihayo, nzito, yenye mikwaruzo ya moshi. "Mjukuu wangu. Miezi saba tu. Nilitaka kuja kumzika, mvua ikakata daraja. Nililia huku peke yangu."

"Nilijua, baba," ilijibu sauti ya mwanamke, laini. "Nilijua kuna kilichokuzuia. Nimekusamehe."

"Umenisamehe kweli?"

"Kweli, baba. Jana nilikwambia, juzi nilikwambia, na kesho nitakwambia."

Sikudhani alihisi machozi yakimlengalenga. Akayafuta kwa kiganja, na alipotazama tena kioo akaona safu ndogo ya pembeni, ile ambayo mafundi hawaitazami sana, inayoonyesha nani hasa yuko kila upande. Upande wa Usoke: K. Upande wa Mpanda: K.

Kaimu na kaimu. Kalunde mwenyewe labda alikuwa sokoni, au jikoni kwake, na simu iko kimya ukutani, hajui lolote. Kwa siku thelathini na nne, ilisema kumbukumbu, sauti mbili zisizo na watu zilikuwa zikililiana na kubembelezana katikati ya waya, zikipatana kwa niaba ya watu waliokuwa hawajapatana.

"Kalunde, ngoja kidogo," sauti ya mzee ikasema. "Kuna mtu anatusikiliza."

Anayebonyeza kitufe kile hasikiki. Hakuna mteja aliyewahi kumgundua.

"Nani, baba?"

"Si mtu mbaya. Ni Mzaramo wangu. Ndiye aliyenizika."

"Basi mwambie karibu."

Kisha wote wawili wakanyamaza. Walikuwa wanangoja aseme.

Sikudhani alivua hedifoni, akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Hakubadilisha neno lolote kwenye daftari.

*

Saa tano mlango ulisukumwa, na harufu ya moshi na nta ikaingia kabla ya mwenyewe. Mzee Mihayo alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo, kofia yake ya ukindu imechomekwa manyoya ya kanga.

"Shikamoo, mtani," alisema Sikudhani. Hakuongeza tusi lolote.

Mzee akamkazia macho. "Marahaba. Leo unanisalimia kwa adabu. Nani kafa?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nimerudi jana, simu yangu haina mlio. Sawa, simu ni chuma, inaharibika. Lakini jirani yangu Igulu amenijia mbio na sahani ya wali, eti asante kwa ushauri. Ushauri gani? Ananiambia juzi tumeongea saa nzima kuhusu ng'ombe wake mgonjwa. Mzaramo, juzi nilikuwa safari ya siku nzima kutoka simu yoyote. Niliongea na fisi."

"Na ng'ombe amepona?"

"Amepona. Hilo ndilo linalonitisha."

Sikudhani alifungua droo, akatoa ule ukurasa, akaubandika mezani mbele yake. Mihayo aliusoma kwa kunyoosha mkono mbali, kama wasomavyo wazee wasiotaka kuvaa miwani. Akausoma tena. Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Umeniua. Mwana wa Pazi, umeniua kweli."

"Nilitaka kukuchukulia kofia tu. Nikapelekwa Sikonge, nikasahau. Nisamehe, mzee wangu."

"Mtani haombi msamaha. Nifufue, nikalale."

"Kabla sijakufufua, kuna kitu lazima usikie."

Akampa hedifoni. Ile simu ilikuwa bado hewani, zaidi ya saa nne sasa. Makaimu hawana mate ya kukauka. Mihayo alisikiliza amesimama. Baada ya muda akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akaketi. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake.

"Huyu ni Kalunde?" aliuliza.

"Ni kaimu wake."

"Na huyo mzee?"

"Ni kaimu wako."

Akasikiliza tena. "Anaongea vizuri," alisema polepole. "Mimi sijawahi kuongea hivi."

Sikudhani alimweleza. Kesho siku arobaini zinatimia, kwa hiyo leo lazima kuamua, na njia ni mbili. Ya kwanza ni kumrejesha: anaandikwa hai, anapata namba yake, na yote aliyoyafanya kaimu ndani ya siku hizi yanafutika, kwa maana Lango haliruhusu mtu aliye hai awe na kaimu anayejua mambo asiyoyajua mwenyewe. Ya pili ni kuhifadhi. Familia nyingi huomba hivyo. Namba inafungwa, kaimu anabaki, anaendelea kuongea na aliokuwa akiongea nao.

"Milele?"

"Mpaka umeme uishe duniani."

"Na mimi?"

"Wewe kwenye daftari ni marehemu. Utaomba namba mpya, kama mtu aliyehamia."

Mihayo aligeuza kofia mapajani. "Nihifadhi," alisema.

"Mzee..."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi na Kalunde tukiwekwa chumba kimoja tutavunja vyombo. Hao wawili wameshamaliza. Wamelia, wamesameheana. Ukinifufua mimi unawaua wao. Kwa faida ya nani?"

Sikudhani alitazama vitufe viwili mbele yake, na hesabu yake haikuwa safi. Akibonyeza kuhifadhi, hakuna atakayeuliza kitu: mzee kafa, kaimu kahifadhiwa, faili limefungwa. Akibonyeza kurejesha, taarifa itakwenda makao makuu na jina lake juu: fundi amemwandika mtu hai kuwa marehemu. Kazi yake ingekwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Kilichokuwa rahisi kwa mzee kilikuwa rahisi kwake pia. Hilo likamtia shaka.

Na kulikuwa na wale wawili. Aliogopa kufikiri kama wanajua kinachoamuliwa. Walikuwa wamemwambia karibu.

Akanyoosha mkono, akaichukua ile kofia mapajani mwa mzee, akaivaa.

"Unafanya nini?"

"Kazi yangu," alisema Sikudhani. Kwao, msibani, mtani huvaa nguo za marehemu. Hutembea kama yeye, husema kama yeye, humsema mbele ya wafiwa kwa maneno ambayo ndugu hawathubutu kuyatamka, na hakuna wa kumkataza. Aliinuka. Akapinda mgongo, akaburuta mguu wa kushoto kama aburutavyo Mihayo, akakohoa kikohozi chake.

"Mimi ndiye Mihayo Kitambi," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nyuki elfu wakining'ata silalamiki. Chui nimemfukuza kwa mwenge. Lakini binti yangu, mh, huyo namwogopa. Akinitazama natafuta mti wa kupanda."

Mihayo alitoa sauti, nusu kicheko.

"Nimekufa nikiwa mzima, nimefurahi. Nimeacha sauti yangu nyumbani ikaombe radhi, mimi nikale asali. Ikasema daraja limekatika. Jamani, daraja gani? Mimi mwenyewe silijui daraja hilo, wala mafundi wa nyaya hawalijui. Lakini ni zuri, nimelipenda, acha nijifichie chini yake."

"Basi," alisema mzee.

"Na binti yangu je? Hajasikia hata neno moja. Anadhani baba yake mpaka leo hajafungua mdomo. Ni kweli, hajafungua. Aliyefungua ni kabati."

"Nimesema basi. Vua kofia yangu."

"Ikomboe."

"Kwa kuku?"

"Kwa maneno yako mwenyewe. Hukusikia? Maiti hanyamazishwi bure."

Mzee Mihayo aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na kwa mara ya kwanza Sikudhani hakuweza kujua kama anacheka. Alipoinua uso, ulikuwa umelowa.

"Yeye mwenyewe hawezi kunipokea," alisema. "Uliniambia mwenyewe mwaka juzi. Kuna uzio."

"Uzio siuvunji, ni wake. Lakini juu ya uzio wake ipo kanuni ambayo mteja hawezi kuishusha: kaimu asipokuwa na jibu, humwita mwenyewe. Sema neno ambalo kaimu wake hana jibu lake."

"Neno gani?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni mpiga ngoma tu."

*

Aliiunganisha simu ya majaribio iliyokuwa mezani, akaipa namba 417. Lango halikati simu iliyo hewani; akibadilisha hali, mazungumzo yangehamia mkononi mwa mzee palepale yalipofika. Aliweka sauti ya nje ili wote wasikie, akaandika "hai" kwenye safu.

Kabla hajathibitisha, sauti ya kaimu wa mzee ilikatiza hadithi iliyokuwa ikiisimulia.

"Mwanangu, wanaanua tanga," ilisema, tulivu. "Atakayeongea baada yangu hajui yote tuliyozungumza. Mvumilie."

"Sawa, baba. Buriani."

Sikudhani akabonyeza. Ile K ya upande wa Usoke ikatoweka, na kumbukumbu za siku thelathini na tisa zikafutika kwa mpigo mmoja. Kwenye spika kikabaki kishindo cha pumzi ya mzee.

"Kalunde," alisema Mihayo. "Hujambo."

"Sijambo, baba. Shikamoo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Mimi... mimi ni baba yako."

"Najua, baba. Nakupenda."

Mzee alimtazama Sikudhani kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akajaribu tena. "Pole kwa mtoto."

"Ahsante, baba. Nimekwisha kupoa. Nilijua kuna kilichokuzuia."

"Nimekukosea."

"Nimekusamehe."

Kila alichokitupa kilidakwa. Sauti ile haikuwa na kinyongo wala uchovu, na kadiri ilivyokuwa laini ndivyo ofisi ilivyozidi kuwa baridi. Mihayo aliuliza kuhusu afya, akajibiwa. Aliomba radhi kwa Kinyamwezi, akasamehewa kwa Kinyamwezi. Aliweka simu kifuani.

"Huyu hana mahali pa kushika," alinong'ona. "Ni kama kupanda mti uliopakwa mafuta."

"Yote hayo ameshayasikia," alisema Sikudhani. "Mwambie asilolisikia."

Mzee alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka sauti ya Mpanda ikauliza mara mbili, kwa upole uleule, kama baba bado yupo. Ndipo akarudisha simu mdomoni.

"Daraja halikukatika," alisema. "Hakukuwa na mvua. Mtu alikuja kuniambia Kasanda amefariki, nikiwa juu ya mti, mkono wangu umo ndani ya mzinga. Nilimsikia vizuri. Nikamwambia nimesikia. Kisha nikaendelea kurina. Basi la Mpanda lilipita barabarani likapiga honi, nikaliona kwa macho yangu, sikushuka. Nilirina mizinga yote kumi na minne. Nilijua nikishuka chini mtoto atakuwa amekufa kweli. Jua likazama, nikawa bado mtini. Hicho ndicho kilichonizuia. Hakuna kingine."

Spika ikanyamaza.

Hakikuwa kimya cha mtu anayefikiri. Hakukuwa na pumzi ndani yake. Sikudhani alitazama kioo: ile K ya Mpanda ilikuwa inawaka na kuzima, ikipekua kila simu iliyowahi kuisikia, ikitafuta mahali pa kuliweka neno lile na isipapate.

"Subiri kidogo," ilisema hatimaye, na sauti haikuwa tena ya Kalunde. Haikuwa ya mtu yeyote.

Kisha, mbali, ndani ya nyumba ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuiona, simu ikaanza kulia. Ikalia mara tano. Mara tisa. Mara kumi na mbili.

Ile K ikazimika.

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamke. Ilikuwa kavu, imekomaa, na chini yake kulisikika maji yakichemka jikoni. "Nani mwenzangu?"

Sikudhani akavua kofia, akamwekea mzee kichwani.

"Ni baba yako," alisema Mihayo. "Mwenyewe."

Maji yalichemka. Mtu akasogeza sufuria, akazima jiko.

"Kaimu wangu ameniandikia hapa kwenye simu kwamba kuna jambo hawezi kulijibu," alisema Kalunde. "Miaka sita hajawahi kuniita kwa ajili yako. Jambo gani?"

"Sikuja kumzika Kasanda. Nilipata habari mapema. Nilikuwa mtini, sikushuka. Nilirina mpaka jua likazama."

Kimya cha safari hii kilikuwa na pumzi, zilizokatika, zikaanza upya. Sikudhani alinyanyuka, akazima sauti ya nje, akaanza kuelekea mlangoni ili simu ibaki na wenyewe. Lakini mzee alikuwa ameishika mbali kidogo na sikio, kwa woga, na neno likamfikia hata pale.

"Mizinga mingapi?"

"Kumi na minne."

"Nataka kuisikia yote," alisema Kalunde. "Usiruke hata mmoja. Anza na wa kwanza."

Mihayo akaisogeza simu karibu.

"Wa kwanza ulikuwa kwenye mninga," alisema, "upande wa mtoni."